Majivu na vumbi la jiko la mkaa: namna ya kuyatoa, kuyapooza na kuyatupa

Baada ya kipindi chetu cha asubuhi kuzungumzia ajali za moto majumbani, bibi mmoja alitupigia simu. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amekanyaga majivu yaliyomwagwa nyuma ya nyumba jioni ya jana yake. Kwa juu yalikuwa meupe na ya baridi, lakini ndani kulikuwa na kaa la moto, na mtoto akaungua unyayo. Bibi alitaka kujua jambo moja tu: majivu yanapoa baada ya muda gani?

Tulimjibu hewani kwamba ni saa chache, kisha tukaweka muziki. Jibu lile halikuwa sahihi. Makala haya yanalisahihisha, na kwa kuwa simu zilizofuata zilikuwa nyingi, tumeongeza na mambo mengine mliyouliza: vumbi kwenye chakula, majivu yanayoruka ukumbini, gesi ya mkaa, na wapi pa kupeleka majivu yakishapoa.

Kwanza jibu lenyewe. Usiyahesabu majivu kuwa baridi kabla ya siku mbili kamili kupita, na ukiweza subiri hata zaidi. Vikosi vya zimamoto katika nchi nyingi huonya kwamba kaa lililofukiwa ndani ya majivu linaweza kubaki hai siku kadhaa, hata nne. Sababu yake waliokulia kijijini wanaijua bila kufundishwa. Usiku mama alikuwa anafukia kaa katikati ya mafiga kwa majivu, na alfajiri anafukua, anaweka vijiti vikavu, anapuliza, moto unawaka bila kiberiti. Majivu hulizuia joto lisitoke na huruhusu hewa kidogo tu ipite, kwa hiyo kaa linaungua polepole mno. Rundo la majivu nyuma ya nyumba linafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyekusudia.

Tulichokiona Jangwani

Ili tusirudie kosa la kujibu kwa kubahatisha, tulikwenda kuwatazama watu wanaoshinda na jiko la mkaa kutwa nzima. Tulichagua kata ya Jangwani, Dar es Salaam, na mitaa inayopakana na soko la Kariakoo. Msikilizaji wa kijijini atauliza, kwa nini mjini? Kwa sababu pale majiko yamebanana. Kosa dogo ambalo kijijini linapotea na upepo, pale linaangukia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Nyumba nyingi za zamani za maeneo yale ni nyumba za Kiswahili: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kila upande, na uani nyuma kwenye bomba, choo na majiko. Kila mpangaji ana jiko lake. Mvua ikinyesha, majiko yanasogezwa hadi kwenye mlango wa uani, na wengine wanayaingiza ukumbini kabisa. Hapo ndipo ugomvi wa majivu unapoanza, na hapo pia ndipo hatari ya gesi inapoanza. Tutaifikia.

Nje, kuelekea sokoni, kuna mama lishe. Wao wana sababu ya ziada ya kudhibiti majivu, kwani mteja akiona chembe za kijivu juu ya wali, kesho anakula kwa mwingine.

Majivu yanatoka wapi hasa

Mkaa wa miti ulioiva vizuri huacha majivu kidogo sana, takriban asilimia 3 ya uzito wake. Kilo 2 za mkaa safi zingeacha kama gramu 60 tu. Sasa mbona jiko linajaa kila siku?

Mkaa wetu mwingi huchomwa kwenye tanuri la udongo, yaani magogo hufunikwa kwa majani na udongo, kisha hufukuliwa. Vipande vinatoka na mchanga umeshikana navyo. Halafu gunia linapakiwa, linashushwa, linaburutwa, linakaliwa, na vipande vinasagikana kuwa chenga na unga mweusi. Mchanga hauungui. Chenga zinaziba matundu ya jiko kabla hazijaungua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokiita majivu ni uchafu ulioingia na mkaa, na dawa yake inaanzia kwenye gunia.

Mama lishe tuliyekaa naye kwa muda mrefu zaidi hamimini mkaa kutoka kwenye gunia hata siku moja. Anaokota vipande kwa koleo, anavigonga kimoja kimoja pembeni mwa ndoo, ndipo anaviweka jikoni. Zinazobaki chini ya gunia anazichekecha kwa chekeche kuukuu, nje, akiwa amesimama upande upepo unakotoka ili vumbi liende mbali naye. Alituambia hilo la kusimama upande wa upepo alijifunza kwa kupepeta mchele, si kwa mkaa.

Mkaa uwekwe juu ya ubao au tofali, usigusane na sakafu yenye unyevu. Watu wengine huunyunyizia maji ili usitoe vumbi. Hatushauri. Mkaa wenye maji hutoa moshi, huruka cheche, na hukufanya upepee mara mbili zaidi. Kama vumbi linakusumbua, lowanisha sakafu na uache mkaa mkavu.

Chenga zisitupwe. Zikichanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo, zikafinyangwa na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa, zinakuwa mkaa wa kufinyanga ambao unawaka taratibu na unafaa kwa maharage. Majivu yake ni mengi kuliko ya mkaa wa kawaida, hilo lijue mapema.

Toa majivu kabla ya kuwasha

Kama utakumbuka jambo moja la usafi katika makala haya, basi liwe hili. Jiko la mkaa linavuta hewa kupitia mlango mdogo wa chini, hewa inapanda kwenye matundu ya sahani ya udongo, inakutana na mkaa. Majivu ya jana yakijaa chini, hewa haipiti. Moto unalegea. Mpishi anachukua kipande cha boksi au mfuniko wa sufuria, anapepea kwa nguvu, na upepo ule unayaokota majivu na kuyarusha juu: machoni, kwenye chakula, kwenye kifua cha mtoto aliye mgongoni. Vumbi lote hilo limeletwa na dakika mbili ambazo hazikutumika asubuhi.

Kwa hiyo asubuhi, jiko likiwa baridi, chokonoa matundu kwa kijiti ili chenga zidondoke. Usilipindue na kulikung'uta kwa kuligonga chini, kwa sababu udongo utapasuka, na jiko lenye ufa linadondosha makaa ya moto. Chota majivu kupitia mlango kwa kijiko kirefu au kipande cha bati, taratibu, karibu na chombo unachoyawekea. Ukiyamwaga kutoka juu yataruka. Jifunge kitambaa puani. Kitambaa kinazuia vumbi kubwa tu, lile jembamba linapita, kwa hiyo kisikupe ujasiri wa kufanya kazi hii ndani ya chumba.

Kama udongo umeshapasuka, usiuvumilie. Mafundi bati wa Gerezani, jirani tu na Kariakoo, wanatengeneza majiko na kubadilisha udongo wa ndani, na karibu kila mji wa wilaya una fundi wa aina hiyo. Gharama ya udongo mpya ni ndogo kuliko jiko zima.

Chini ya jiko weka sinia kuukuu au kipande cha bati chenye mchanga. Majivu yanayodondoka yanabaki hapo, na kaa likianguka halikuti mkeka wala boksi. Wakati wa kuwasha, mlango wa jiko uelekee upepo. Moto ukishashika, geuza jiko ili upepo upite ubavuni. Ukihitaji kupepea, pepea chini mlangoni kwa mapigo mafupi, na sufuria iwe imefunikwa.

Wali wa kupalia

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo chakula kinapoharibika mara nyingi. Wali wa nazi au pilau ukikaribia kukauka, makaa ya moto hutolewa chini na kupaliwa juu ya mfuniko ili uive pande zote. Ni ufundi mzuri na hauna mbadala rahisi kwenye jiko la mkaa. Shida yake ni wakati wa kufunua. Mfuniko umejaa majivu, mpishi ana haraka, anauinamisha upande mmoja, na majivu yanamwagika ndani.

Tuliona namna ya kuepuka. Kabla ya kuweka kaa juu ya mfuniko, ligonge kwa koleo ili libaki jekundu bila koti la majivu. Tumia mfuniko mpana kuliko mdomo wa sufuria, wenye ukingo uliosimama kama sinia. Wakati wa kuepua, ondoa makaa yote kwanza, kisha futa mfuniko kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, kuanzia katikati kwenda nje. Ndipo uinue mfuniko moja kwa moja kwenda juu, ukiwa sawa, na uusogeze pembeni bila kuuinamisha. Mama lishe wetu anafuta mara mbili. Wali wake tuliula na hatukuona hata chembe, ingawa tulitafuta kwa makusudi.

Kufagia

Ufagio mkavu haufai kwa majivu. Yanapanda hewani, unadhani pamekuwa safi, na baada ya nusu saa yametua juu ya vyombo. Nyunyiza maji kidogo kwanza, au mwaga mchanga mbichi au vumbi la mbao lililoloweshwa, halafu fagia polepole kwa ufagio wa chelewa. Sakafu ya saruji ifutwe kwa tambara bichi. Vyombo na mitungi ya maji vifunikwe kabla ya yote.

Jivu likiingia jichoni usisugue. Osha kwa maji safi mengi, kwa dakika nyingi, na kama jicho linaendelea kuuma nenda kituo cha afya. Majivu ya miti yakikutana na maji hutoa majimaji makali yanayochubua, na ndiyo maana zamani yalitumika kutengenezea sabuni.

Jiko linaloonekana limezimika

Vumbi linaudhi. Gesi inaua. Mkaa unapoungua kwa hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu anakosa hewa huku anapumua. Kaa lililofunikwa na majivu linaungua hivyo hasa, kwa hewa kidogo. Halitoi moshi wala halina mwanga, kwa hiyo mtu analiingiza ndani akidhani ni salama kuliko jiko linalowaka. Sivyo.

Tunawasemesha hasa wasikilizaji wa Makete, Njombe, Mufindi, Lushoto na Mbulu, ambako miezi ya Juni na Julai jiko linaingizwa chumbani kuotea. Tunawasemesha pia wanaomwekea mzazi aliyetoka kujifungua jiko la moto chumbani ili yeye na mtoto wapate joto. Nia ni njema. Lakini mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuzidiwa, na hawezi kusema kichwa kinamuuma. Mpe mzazi blanketi, maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, na mtoto akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Jiko libaki nje usiku kucha, hata kama mvua inanyesha na unaogopa kuibiwa. Tulisikia sababu hiyo ya wizi mara nyingi Jangwani, na tunaielewa. Wapangaji wa nyumba moja wamelitatua kwa kufunga majiko kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani.

Dalili za gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi mzito. Ukiona watu wawili chumba kimoja wana dalili hizo kwa pamoja, usifikirie malaria kwanza. Fungua milango na madirisha, watoe nje, toa jiko, wapeleke kituo cha afya. Kwa moto au uokoaji, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Namna nzuri ya kuzima jiko ni kuhamisha makaa kwa koleo, kimoja kimoja, hadi kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, huko huko nje. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho yatawaka haraka kuliko mkaa mpya. Kumwagia maji jiko la moto ni kosa la aina tatu kwa mpigo: mvuke unaruka na majivu hadi usoni, udongo unapasuka, na mkaa uliobaki unaharibika.

Mahali pa majivu

Majivu yaliyochotwa yaingie kwenye ndoo ya bati au debe lenye mfuniko, likae juu ya tofali, mbali na ukuta wa mbao, makuti na pipa la taka. Ndoo ya plastiki, boksi na salfeti havifai. Baada ya siku mbili mwaga maji kidogo kidogo, koroga kwa kijiti, na kama hakuna mvuke wala sauti ya kuchemka, yameiva kutupwa au kutumika. Shimo la majivu la nyumbani lizungushiwe mawe au miiba ili watoto wasipite juu yake. Sisi tungemwambia bibi yule hivyo siku ile.

Akiungua mtu, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha umfikishe kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, yai wala majivu. Na kwa kuwa tumetaja majivu kama dawa: yasipakwe kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Uchafu unaowekwa pale unaweza kuleta pepopunda.

Jangwani tuliona pia majivu yakimwagwa kwenye mtaro. Bonde la Mto Msimbazi lina historia ya mafuriko, na baada ya yale ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Jivu peke yake haliletei mtu mafuriko, lakini likichanganyika na mchanga na takataka linashikana na kuwa tope zito linalokaa chini ya mtaro. Kijijini mtaro wako ni kisima au kijito, kwa hiyo peleka majivu mbali navyo.

Matumizi yapo ya kutosha. Majivu baridi yaliyochekechwa husugua sufuria vizuri, lakini vaa mfuko mkononi kama ngozi yako inachubuka. Ukimwaga kopo moja kwenye choo cha shimo, harufu na inzi hupungua. Kuku huyaogea, na wafugaji wengi hupenda hilo kwa ajili ya utitiri. Wapo wanaochanganya na maharage ya kuhifadhi ili kuzuia wadudu. Hapo tunarudia kwa msisitizo, yawe yamepoa kabisa, kwa sababu kaa moja ndani ya gunia ni ghala zima.

Shambani majivu hupunguza uchachu wa udongo na huongeza potasiamu. Konzi moja au mbili kwa mita moja ya mraba kwa mwaka zinatosha, usirundike mahali pamoja, na usiweke kwenye miche inayochipua. Chai hupenda udongo wenye uchachu, kwa hiyo iache. Usichanganye majivu na mbolea ya urea, maana naitrojeni itapotea hewani ikiwa gesi. Na kama jiko liliwashwa kwa plastiki au mbao zilizopakwa rangi, majivu hayo yasifike kwenye mboga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, ila chupa na vifungashio bado tuliviona vikiwashia majiko.

Makaa ya mawe ni habari nyingine

Baadhi yenu mmeuliza kuhusu vitofali vya makaa ya mawe, kama vile Rafiki Briquettes vya STAMICO. Majivu ya makaa ya mawe ni mengi kuliko ya mkaa wa miti, kwa hiyo jiko litataka kutolewa majivu mara nyingi zaidi, na ukishayazoea ya mkaa unaweza kushangaa. Muhimu zaidi, yanaweza kuwa na chembechembe za metali zenye sumu. Usiyaweke kwenye bustani ya mboga, usisugulie vyombo, usiwape kuku kuogea, wala usihifadhie nafaka. Yapooze kwa utaratibu uleule wa debe na mfuniko, kisha yafukiwe shimoni mbali na maji. Nyumba inayotumia vyote viwili iwe na madebe mawili yaliyowekwa alama.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi na umeme havina majivu, na mwenye uwezo wa kuhamia huko ahamie. Ila tunajua kwamba wengi wenu mtasoma makala haya huku maharage yakiwa jikoni, juu ya mkaa.

Kuhusu pasi ya mkaa, ambayo msikilizaji mmoja alisema imemchafulia shati jeupe la sare ya mtoto: toa majivu yote kabla ya kuweka makaa mapya, itikise nje mara kadhaa, kisha ipitishe kwanza juu ya kitambaa kibichi kuukuu. Na usipulize matundu ya pembeni pasi ikiwa juu ya nguo.